Usipige patasi ukingoni mwa herufi, anza katikati

Weka nyundo chini kwanza, ndugu yangu. Umesema herufi zako za vijiguu, zile zenye vijimkia kwenye ncha za mistari yake, ushazichora kwenye ubao wa mvule, na kesho unaanza kupiga patasi wima kuzunguka kila herufi, sentimita moja kwenda chini, halafu uchimbe ndani. Usithubutu. Hayo ya vanishi na rangi ya dhahabu uliyouliza yatangoja.

Mimi nilifunzwa vivyo hivyo na fundi mmoja wa milango, hapa hapa Mji wa Kale. Nikaharibu kibao kizima cha nyumba ya wageni, mvule nilioununua kwa pesa zangu, na mteja hakutoa hata shilingi.

Patasi ni kabari. Ukiipiga wima inasukuma mbao pande zote mbili: ukingo wa nje unapondeka, na kile kisiwa kilicho ndani ya A au R, ambacho nyuzi zake ni fupi, kinang'oka. Cha R yangu kiliruka hadi mlangoni. Nikakigundisha, nikapaka vanishi, mvua za masika zikakitoa tena. Na penye mkono (mstari unaounda herufi) mwembamba wa milimita 3, patasi ilikuwa ishapita chini kabisa ya mahali herufi inapoishia, kwa hiyo makovu yakabaki wazi na hayafutiki kwa msasa.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yule fundi, milango anaijua kweli. Kwenye mlango ua linabaki juu na unashusha mbao inayolizunguka, kwa hiyo kupiga ukingo ni sawa. Herufi hizi zinaingia ndani kwa umbo la V. Hakuwahi kuchonga hata moja, lakini pesa ya mafunzo alipokea na kujibu akajibu kama mjuzi. Hujui, sema hujui!

Chora mstari katikati ya kila mkono wa herufi. Piga patasi hapo, kidogo kidogo, kisha shusha kuta mbili kutoka kila upande kuelekea mstari huo, V yenye pembe ya digrii 60 hivi. Mkono wa milimita 12 utafika kina cha kama 10, mwembamba utabaki juu juu wenyewe. Kwenye kijiguu mstari wa katikati unagawanyika mara mbili na kupanda hadi kwenye ncha zake. Kata hapo kabla ya kuondoa mbao ya mkono, la sivyo mpasuko utafuata nyuzi na kupita. Ukingo uguse mwisho, kwa patasi uliyoinoa sasa hivi. Nyuzi za mvule hupishana, na ndani mara nyingine mna chembe za chokaa ngumu kama jiwe, zinakula makali.

Leo tafuta kipande cha mwembe, uchonge R moja tu, utie picha hapa. Mvule usiuguse mpaka tuione.