Wauzaji wamerudia daftari

Ndugu, wauzaji wako kurudia daftari wakati programu ya stoo umeshanunua si ukaidi. Mara nyingi hesabu ya kwanza iliingizwa kwa kukisia, au katoni ikaandikwa kama pisi; mzigo ukionekana pungufu, wanaogopa kukatwa mshahara.

Anza na tawi moja. Fungeni duka siku moja, mhesabu mzigo wote, watu wawili wawili. Wiki 2 za mwanzo tumieni daftari na programu pamoja, mlinganishe kila jioni, na utangaze mapema kwamba upungufu wa kipindi hicho hakatwi mtu. Kisha daftari liondoke kaunta.

Nawe bosi, acha kupiga simu kuuliza mauzo! Fungua ripoti mwenyewe, la sivyo wataendelea kuandika pembeni ili wapate cha kukujibu.