Kama Jumamosi ni ya Kwanza, Sabato ni Lini?

Swali: Mwalimu, nilibishana na Msabato anayeshikilia kwamba siku ya saba ni Jumamosi. Nikamwambia Kiswahili chenyewe kinamkana: Juma-mosi ni ya kwanza, Juma-pili ya pili, kwa hiyo ya saba ni Ijumaa. Isitoshe, kalenda ilibadilishwa siku zikapotea. Nani yuko sahihi?

Jibu: Hoja yako inachekesha vizuri, ndugu yangu, lakini unapima kitambaa kwa pishi.

Majina yetu ya siku yanahesabu kutoka Ijumaa, siku ya Waislamu kukusanyika kwa swala. Inayofuata ni ya mosi, kisha ya pili, hadi Jumatano. Hapo hesabu inakatika, inaingia Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya "ya tano". Yaani wiki yetu ina siku mbili za tano, tena zimefuatana! Sababu ni kwamba hesabu ya Kiarabu huanzia Jumapili, al-ahad, na Jumamosi yao ni as-sabt, neno la ukoo mmoja na Sabato. Kiebrania ni hivyo hivyo: Jumapili ni yom rishon, siku ya kwanza, na Jumamosi ni Shabbat. Kwa hiyo "siku ya kwanza ya juma" ya Mathayo 28:1 ni Jumapili. Nimeshasikia mahubiri mazima yakiteleza hapo.

Kuhusu kalenda: mwaka 1582, chini ya Papa Gregory XIII, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15. Zilirukwa tarehe kumi. Mzunguko wa siku saba haukuguswa. Uingereza ilingoja hadi 1752, na miaka yote hiyo ya katikati tarehe zake zilipishana na za Roma, ila Jumapili ilikuwa Jumapili kotekote.

Basi kwenye hilo Msabato wako amekushinda. Tena kwake siku huanza jua linapotua Ijumaa, kwa Walawi 23:32. Hata wazee wetu waliuhesabu usiku kabla ya mchana wake.

Lakini naye akikwambia Konstantino, Kaisari wa Roma, ndiye aliyeanzisha ibada ya Jumapili mwaka 321, mzuie. Sheria yake ya mwaka huo iliamuru tu mahakama na watu wa mijini wapumzike Jumapili. Justin Martyr, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, alikuwa ameshaeleza Wakristo wakikutana siku hiyo.

Wengi wanaosali Jumapili hawadai kwamba ndiyo ya saba. Wanaadhimisha ufufuo, na husoma Matendo 20:7, waumini walipokutana siku ya kwanza ya juma kuumega mkate. Ubishi wenyewe ni kama amri ya Kutoka 20:8, ya kuitakasa Sabato, inamfunga Mkristo. Anza na Wakolosai 2:16, panaposema mtu asiwahukumu kwa sabato. Wewe utasema ni Sabato ya kila wiki. Yeye atasema ni zile za sikukuu za mwaka, kama za Walawi 23. Lakini kumbuka mstari huohuo umeshataja sikukuu na mwandamo wa mwezi kabla ya kufika kwenye sabato. Mwulize kwa nini Paulo azitaje sikukuu mara mbili.