Mtoto mwenye chemba moja ya moyo: kwa nini hawekewi pampu?

Swali: Mimi ni fundi wa pampu za visima hapa Kasulu, Kigoma. Mtoto wa kaka yangu amezaliwa na chemba moja tu ya moyo inayofanya kazi. Dar es Salaam wametuambia atapasuliwa kwa hatua, na mwishowe damu itakwenda kwenye mapafu bila kusukumwa na moyo. Kama kinachokosekana ni msukumo, mbona hawaweki pampu?

Jibu: Fundi, poleni sana na mtoto. Upasuaji wa mwisho mlioelezwa ni wa Fontan, daktari Mfaransa aliyeufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Siku hizi vena kubwa mbili (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo), ya juu na ya chini, huungwa moja kwa moja na mishipa ya mapafu, na chemba iliyopo inabaki na kazi ya kupeleka damu mwilini.

Swali lako ndilo linalowahangaisha wahandisi wa vifaa tiba, na shida wala si nguvu. Msukumo unaohitajika hapo ni milimita 5 au 6 hivi za zebaki, sawa na kupandisha maji sentimita 7 au 8. Weka kiganja chako ukutani uone: ni upana wake tu. Wewe unayatoa maji mita nyingi chini ya ardhi.

Ugumu uko kwenye damu. Impela, yaani panga la ndani ya pampu, ikizunguka kwa kasi na mwanya kati yake na kasha ukawa mwembamba, chembe nyekundu zinapasuka na kilichomo kinamwagika, kikaumiza figo. Ukiacha kona damu ikatuama, inaganda. Beringi ni kona ya namna hiyo, tena huwezi kuitia grisi. Ndiyo maana kwenye HeartMate 3, pampu ya kusaidia chemba ya kushoto, impela inaelea kwa sumaku bila kugusa kitu. Hata hivyo mgonjwa anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, na waya wa umeme unatoka tumboni, mahali ambapo vijidudu hupenya kirahisi.

Upande wa vena una tabu zake. Unajua hosi laini ya kunyonya inavyobonyea pampu ikivuta kuliko maji yanayoingia; vena nayo hubonyea hivyohivyo. Halafu pale vena zinapokutana na mishipa ya mapafu kuna njia mbili za kuingia na mbili za kutoka, na kubwa kuliko yote, pampu ikizimika isizibe njia, kwa sababu mtoto hana chemba ya pili ya kumwokoa. Mark Rodefeld na wenzake huko Indiana, Marekani, wamebuni diski inayozunguka katikati ya makutano hayo. Ikisimama, damu inapita pembeni. Naipenda sana fikra hiyo, ila bado haijawa tiba ya kawaida.

Kwa watoto ipo pampu iitwayo Berlin Heart EXCOR, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Inakaa nje ya mwili, inaendeshwa kwa hewa, na ndogo kabisa hubeba mililita 10 kwa pigo. Hiyo ni ya kumvusha mtoto anayesubiri moyo mwingine, na kwa wenye chemba moja matokeo yake yamekuwa magumu zaidi.

Kwa hiyo msisubiri pampu, fuateni tarehe za kliniki. Kwenye Fontan, mapafu yenye ukinzani mdogo ndiyo yanayoifanya damu ipite. Mkirudi Dar es Salaam, mwulizeni daktari shinikizo la mishipa ya mapafu ya mtoto limesomeka ngapi, na mtoto akikohoa au akipumua kwa shida, mpelekeni hospitali mapema.