Bledi inayocheza kwenye buldoza ya zamani

Ndugu, umesema bledi, lile bapa la mbele la kusukumia udongo, inagonga kila ukirudi nyuma na unataka kujaza mashimo ya pini kwa welding. Subiri kwanza. Shusha bledi juu ya magogo imara, zima injini, kisha sukuma kila kiungo kwa mtaimbo huku kidole kikigusa kiungo kwa nje, si ndani ya mwanya. Utahisi kinachocheza.

Kama ni kiungo cha tufe (kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe) chenye kifuniko cha bolti, huenda dawa ni rahisi: punguza shimu (vibati vyembamba chini ya kifuniko) moja moja kila upande, kaza, jaribu tena. Tufe lizunguke bila kukwama wala kucheza. Shimu zikiisha na bado linacheza, lipime kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) pande mbili. Likiwa na umbo la yai, badilisha.

Pini ni habari nyingine. Pini mpya ndani ya shimo lililopanuka ni kutupa pesa bure. Shimo lijazwe, kisha litobolewe upya kwa mashine, matundu yote yakae mstari mmoja, au litiwe bushi (bomba fupi la chuma ambamo pini hukaa). Grenda ya mkono hapo ni kujidanganya.

Unapochomelea, tenganisha nyaya za betri na weka klampu ya athi (kibanio cha waya wa kurudisha umeme wa welding) karibu kabisa na sehemu unayochomelea.