Usimpe chochote cha kumeza kabla hujamuuliza nesi

Dada, hiyo pilau iache nyumbani. Umesema Krismasi hii unakwenda na kikundi cha kanisani kwenye nyumba ya wazee huko Minnesota, kumwona bibi wa Kitanzania aliyepata kiharusi. Unataka kumpelekea pilau na chai ya maziwa, msali naye, na unauliza zawadi gani inamfaa. Watu watatu wameshakujibu "Mungu akubariki", na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama bibi anameza vizuri.

Na mimi hakuna aliyeniuliza. Miaka sita iliyopita, Texas, nilikwenda kumwona mama mmoja wa Kichaga. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia na kuondoka na maneno yake. Nilibeba chupa ya chai ya tangawizi na mandazi. Juu ya kitanda palikuwa na karatasi inayohusu vinywaji. Niliiona. Lakini kiongozi wa ziara yetu alikuwa ameshatuambia kwenye gari kwamba wazungu wanawapa wazee uji usio na ladha kwa kuwa hawana muda nao, sisi tumlishe mama yetu kwa upendo. Nikamwamini, maana ni mtu anayeheshimiwa. Mpaka leo nina hasira naye. Mambo yalipoharibika nilimpigia simu, akasema ni mapenzi ya Mungu. Hapana. Ilikuwa chai.

Mama alikunywa vikombe viwili. Hakukohoa hata mara moja. Alitabasamu, tukapiga picha. Nilichokuwa sijui ni kwamba baada ya kiharusi koo linaweza kupoteza hisia, chai ikateleza kwenye njia ya hewa hadi mapafuni na mtu asikohoe kabisa. Vinywaji vyepesi ndivyo hatari zaidi, vinapita kabla njia ya hewa haijajifunga. Ndiyo maana wenzetu wanavitia unga maalumu viwe vizito. Ule "uji usio na ladha" ulikuwa unamlinda.

Siku ya pili homa, ya tatu gari la wagonjwa. Nimonia. Alilazwa siku 11, akarudi na mrija wa tumboni, na hakula tena kwa mdomo. Mandazi yale ndiyo yakawa chakula chake cha mwisho, na ni mimi niliyemkatia vipande vidogo vidogo nikidhani namsaidia.

Msije mkaniambia pilau haijawahi kumdhuru mtu. Wa mezani kwenu wanameza. Najua pia kwetu kwenda kumwona mzee mikono mitupu ni aibu, mama yangu angenirudisha kutoka mlangoni. Hata hivyo, usimpe kitu. Hata mkate na divai ya Meza ya Bwana, mchungaji amuulize nesi kwanza. Huenda ikatosha chembe iliyolowekwa, huenda isiwezekane kabisa.

Nikwambie kilichomfurahisha. Alipokuwa hospitali nilikaa kando ya kitanda sina la kusema, nikaanza kuimba taratibu wimbo wa Krismasi wa kwenye kitabu chetu cha Kilutheri. Akaupokea. Ubeti mzima, maneno yote, mtu ambaye hata "ndiyo" ilikuwa inamshinda! Mtaalamu wa usemi akanieleza kwamba hutokea: kiharusi cha ubongo wa kushoto huondoa usemi, lakini wimbo aliouzoea mtu tangu utotoni unaweza kubaki. Nililia pale pale. Tungeweza kuimba naye siku ile ya kwanza, mchana kutwa, chupa ya chai ikabaki garini.

Kwa hiyo watoto wake waulize alikuwa anaimba nini kanisani kwao. Na kesho piga simu pale, omba kuongea na nesi anayemhudumia, jitambulishe, useme mnakuja lini. Muulize: bibi anakunywa vyepesi au vizito, na chakula chake kinasagwa? Akikwambia hawezi kukueleza habari za mgonjwa, mwombe mtoto wake aulize. Ukishapata jibu rudi hapa utuambie, kabla hujabandika sufuria.