Re: Kwa nini randomaiza ziundiwe lugha yake na Python ipo?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini watu wahangaike kutunga lugha mpya ya kuandikia sheria za randomaiza (programu inayochanganya vitu vya gemu viwe mahali tofauti; sheria zake zinasema wahitaji kitu gani ufike wapi) na Python, lugha ya kuprogramu, ipo. Mwanzo sheria zote zilikuwa ndani ya kodi yenyewe, ikawa mchezaji anaejua kila kichochoro cha gemu lakini hajui kuprogramu hawezi kurekebisha kitu. Ndo zikatolewa nje. Angalia randomaiza ya Ocarina of Time, gemu ya Zelda, programu ni Python lakini sheria ziko kwa faili za JSON (maandishi ya kawaida yaliyopangwa), kila mlango na kila kasha na mstari wake mfupi, mfano kuingia Forest Temple (hekalu moja humo) lazima uwe na Hookshot (ndoano ya mnyororo ya kujivutia).

Sasa utamu uko hapa. Njia inayopendwa ya kupanga vitu huanza kwa kudhania unavyo vyote, inatoa kimoja, inaangalia bado unafika wapi bila hicho, inakiweka huko, inarudia mpaka viishe, isije Hookshot ikafungiwa mahali pasipofikika bila Hookshot, sawa na tikiti ya gari ya feri ya Likoni iuzwe ng'ambo tu. Hesabu hiyo inataka ukiongeza kitu usipoteze njia hata moja. Python itakuachia uandike "ukiwa HUNA upinde" na mpango wote unaharibika kimya kimya, lakini lugha ndogo yenye NA, AU na idadi ya funguo (angalau ngapi) peke yake haikupi hata nafasi ya kuandika hivo. Wallahi kwangu mimi hiyo ndo sababu kubwa, kuliko hata urahisi wa kusoma. Ukianza yako anza na hizo tatu tu.