Kuchagua kati ya upasuaji na usingizi

Assalamu alaykum, ndugu daktari. Umeeleza kuwa umemaliza mwaka wa utarajali, moyo wako uko kwenye udaktari wa usingizi, yaani kumlaza au kumtia ganzi mgonjwa na kumlinda wakati wa operesheni, lakini wazee wako Wete wanataka uwe daktari wa upasuaji.

Kwanza iangalie kazi yenyewe, si heshima ya jina lake. Mimi nilielemea upasuaji mpaka niliposimama kichwani mwa mama aliyekuwa akizalishwa kwa operesheni: baada ya sindano ya ganzi ya mgongo presha ilishuka ghafla, akaanza kutapika, na aliyemrudisha ni daktari wa usingizi, aliyeongeza maji na kumpa dawa huku kidole chake hakijabanduka kwenye mshipa wa mkono. Omba kupangiwa wiki kadhaa chumba cha operesheni, katika hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja au ya Abdulla Mzee kule Pemba, hasa zamu za usiku, kwani huko ndiko utakakojijua.

Kisha njia ya masomo. Uzamili wa fani hizi Muhimbili ni miaka 3; upasuaji una pia njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambapo daktari hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Kabla ya kujaza fomu, pata kwa maandishi ruhusa ya mwajiri na jina la atakayelipa ada, maana wenzangu wamepoteza nafasi kwa kutegemea ahadi za mdomo.

Wazee waelezwe taratibu, ikiwezekana na daktari bingwa wa usingizi mwenyewe, kwa sababu wengi wao humkumbuka aliyewapasua tu.